Nilipolisuuza Tangi kwa Sabuni

Tangi lilikuja Alhamisi, la kioo kitupu, limefungwa kwa maboksi. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika hoteli ndogo mjini Migori: chapati, maharagwe, chai ya tangawizi. Mwenye hoteli alikuwa mama mmoja kutoka Malindi. Aliliweka tangi karibu na kaunta, akasimama akilitazama, kisha akaniambia, "Binti, hebu lisuuze hilo, halafu ulijaze maji yakae siku mbili. Samaki wanane wa mapambo wanakuja Jumamosi. Kuwaangalia ni kazi yako."

Yangu! Mimi nimezaliwa Muhuru Bay. Nimekua nikianika omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, maelfu kwa maelfu, na sikuwahi kumwonea huruma hata mmoja. Lakini hawa wanane walikuwa wa kutazamwa, si wa kuliwa, na kabla sijawaona nilishaota mbali. Wangezaa. Watoto wao ningewauzia wenye hoteli kubwa za Homa Bay. Ningeitwa yule dada wa samaki. Usinicheke. Nilikuwa nasugua sufuria tangu alfajiri, na kichwa lazima kiende mahali.

Sasa hilo neno, suuza. Kwetu nyumbani hakuna anayesuuza kitu ambacho hakijapita kwenye sabuni. Unafua nguo, ndiyo unasuuza. Unasugua sahani, ndiyo unasuuza. Kwa hivyo ukiniambia nisuuze, mimi najua sabuni iko ndani ya neno lenyewe. Nikatia sabuni ya unga, vijiko vinne vya kujaa, nikachukua sponji ya sufuria, nikasugua vioo mpaka vikalia kwii. Ile changarawe ya kuweka chini nayo nikaiosha vivyo hivyo. Nikapitisha maji mara moja, nikajaza mengine ya mfereji. Liling'aa mpaka wateja wakawa wanasimama kulitazama.

"Umelisuuza vizuri?" Mama akauliza.

"Vizuri kabisa, Mama."

Jumamosi saa saba mchana mfuko wa samaki ulifika steji ya matatu kutoka Kosele, kwa jamaa mmoja anayewafuga kwenye vidimbwi nyuma ya nyumba yake. Wanane, wekundu, kila mmoja kama kidole gumba. Jamaa alikuwa amepiga simu mapema: hewa ya mfuko ingewatosha mpaka saa kumi, isizidi hapo. Nikaubeba mfuko hadi hotelini, nikachomeka mashine ya kupuliza hewa ili tangi liwe tayari.

Povu likapanda. Povu zito, jeupe, likafunika maji yote, likaanza kuteremka nje ya kioo kama uji uliofurika.

"Leo samaki wanafuliwa!" akasema mteja mmoja, chapati bado iko mdomoni.

Watu wakacheka. Mama hakucheka. "Ulitia nini humu?"

"Sabuni, Mama."

"Si nilikwambia usuuze?"

"Ndiyo nikasuuza. Baada ya sabuni."

Akachomoa mashine. "Ya Rabi. Kwetu kusuuza ni maji matupu, mwanangu."

Nikampigia yule jamaa wa Kosele. Aliponiuliza ninatoka wapi nikamwambia. "Nyar nam!" akasema, yaani binti wa ziwa. "Mimi mtu wa mahindi nawalea, wewe wa ziwani unawaua?" Kisha akaacha mzaha. Sabuni huwaunguza samaki pale wanapopumulia, hata ikiwa kidogo. Nimwage maji yote. Changarawe niitoe, leo isirudi. Sponji ile nisiiguse tena. Nichukue kitambaa kipya na chumvi ya jikoni, nisugue, halafu maji matupu, tena na tena. Maji ya mwisho niyachote kwenye chupa nitikise. Yakitoa povu, nirudie. Na nisijaze ya mfereji, maana yakitoka tu huwa bado yana dawa. "Kama kuna kisima karibu, chota huko."

Kisima cha karibu ni cha msikiti, ng'ambo ya barabara, chini kidogo. Mzee anayeutunza aliniona na mtungi.

"Maji ya nini?"

"Ya samaki, Baba."

"Samaki nao wanataka udhu?"

"Ni mimi niliyewachafulia nyumba, Baba." Akacheka, akanifungulia bomba la kisima.

Tangi likiwa tupu na limeshasuguliwa kwa chumvi, nikalisuuza kwa mtungi wa kwanza, nikatikisa chupa: povu. Wa pili: povu. Kila mtungi ni lita ishirini, na barabara ile ina mlima ambao sikuwahi kuuona mpaka siku hiyo. Kipulizo cha ile mashine ya hewa nacho nikakisuuza mara sijui ngapi. Wa tatu ukaacha duara jembamba tu shingoni mwa chupa, jembamba kama uzi. Ilikuwa saa tisa. Mabega yalikuwa yanawaka, mgongo haunyooki, na nikajiambia hii imetosha, nani ataona uzi? Nikageuka kuutazama mfuko. Mmoja wao alikuwa amepanda juu, anafungua na kufunga mdomo.

Nikabeba mtungi tena nikarudi kisimani.

Wa nne, chupa ikatulia. Maji tu. Ya kujaza, Mama mwenyewe alikunja buibui, akashika mtungi upande mmoja, mimi upande wa pili, tukapanda ule mlima, safari tatu. Tukauweka mfuko juu ya maji, uelee kidogo wazoee ubaridi. Saa kumi kasoro kidogo nikaufungua.

Walizama wote mpaka chini, wakakaa. Nikahesabu wanane. Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimeketi kwenye kreti ya soda, mikono imelala mapajani kama ya mtu mwingine.

"Nenda ukapumzike," Mama akasema.

"Bado, Mama."

Mmoja akapanda polepole, akagusa vipovu vya hewa, akarudi. Mwingine akamfuata. Kisha watano pamoja. Wa nane alibaki konani, amelalia ubavu, na huyo ndiye niliyemkodolea macho, nikimwomba radhi kwa Kijaluo, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeniponza vya kutosha. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipojiinua mwishowe akawaendea wenzake, nilitaka kupiga makofi. Mikono ikakataa kuinuka.