Kivuli Chini ya Taya

Fulana nyeupe humsamehe mchapaji. Nyeusi haisamehe. Nina miaka kumi na minne kwenye chumba kimoja cha Ngamiani, barabara ya kumi na tatu, ukuta kwa ukuta na fundi cherehani, na hadi leo nikiletewa picha ya uso iende kwenye kitambaa cheusi huwa nazima redio kwanza. Wateja hawaelewi. Wanadhani ni kubonyeza tu, picha iingie huku, fulana itokee kule.

Kwenye fulana nyeupe, wino mweusi ndio unaochora vivuli, na kitambaa chenyewe ndicho mwanga. Kwenye nyeusi mambo ni kinyume. Giza unalo tayari, bure, na kazi yako ni kuweka mwanga: paji la uso, ncha ya pua, mashavu, meno. Lakini wino mweupe haujui kuwa mwingi hapa na haba pale, ukiuweka umeuweka. Ndiyo maana picha yote huvunjwavunjwa kuwa nukta. Penye mwanga nukta ni kubwa na zimebanana, penye utusitusi ni ndogondogo na zimeachana, na penye giza hakuna kitu. Ukiisogelea unaona chumvi iliyomwagika. Ukirudi hatua tatu, mtu anakutazama.

Kabla ya kufika huko lazima uigeuze picha, mwanga uwe mweusi na giza liwe wazi, halafu uitoe kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Karatasi hiyo ndiyo hulazwa juu ya fremu yenye kitambaa cha hariri kilichopakwa dawa, ikaanikwa juani. Mtu kwenye karatasi ile hutisha. Paji jeusi, nywele nyeupe, meno kama mkaa. Jirani yangu fundi cherehani, mwanamke asiyeogopa mume wala askari, hataki kabisa kuziona. "Shoga, yaondoe hayo mapepo yako hapo dirishani," huniambia, "mimi bado naitaka roho yangu." Mimi sikuwahi kuyaogopa. Nilikuwa namcheka.

Mdogo wangu alinipigia simu wiki mbili hivi kabla mama yetu hajatimiza miaka sabini. Alitaka siku hiyo watoto, wajukuu na wakwe wote wavae fulana yenye sura ya mama. Nyeusi, akasema, kwa sababu inapendeza na haioneshi mchuzi. Anaishi na mama kule Muheza, na nikaisikia sauti ya mama nyuma yake, "Nyeusi? Mnanizika, jamani, na sufuria bado iko jikoni?" Tulicheka wote watatu. Kwetu tunakwenda kanisani kila Jumapili, lakini mambo ya kuchuriana hatuyachezei sana, na nilipokata simu nilijikuta nimeshika mti wa meza.

Picha ilikuja siku hiyohiyo. Mama amekaa mlangoni pa jikoni anachambua mchicha, amepigwa bila kujua, mwanga unatoka kushoto, anacheka na mtu ambaye haonekani. Ilikuwa picha nzuri mno. Kwa dakika chache nilimpenda mdogo wangu, jambo ambalo si la kila siku.

Niliifanya kazi yangu. Niliikata, nikaongeza mwanga pale ulipofifia, nikaivunja kuwa nukta kubwa kiasi, kwa sababu pamba humeza nukta ndogo na wino hutambaa. Nikaigeuza, nikaitoa kwenye plastiki, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha niikague.

Chini ya taya pana giza. Awe mnene, awe mwembamba, taya la binadamu hutupa kivuli shingoni, na kwenye fulana nyeusi pale huachwa patupu. Utupu ule ndio unaousogeza uso mbele, bila huo kichwa huonekana kimebandikwa kifuani. Chini ya taya la kushoto la mama, katikati ya pale palipotakiwa kuwa patupu, palikuwa na kundi la nukta kubwa zilizobanana, mviringo, kiasi cha ndimu changa. Kitu kilikuwa kimejitokeza pale na kukamata mwanga.

Nilikasirika. Nilidhani ni kasoro ya simu ya mdogo wangu, ambayo huanguka kila siku kama mlevi. Basi nikapasafisha. Kusafisha ni nusu ya kazi yetu. Bwana harusi anataka chunusi zitoke, mwalimu mstaafu anataka arudishiwe jino. Nilichukua giza la upande wa kulia wa shingo nikalihamishia kushoto, nikalainisha kingo, na haikuchukua dakika mbili. Shingo ikawa kama ya msichana. Nikawasha redio.

Kesho yake mdogo wangu akanitumia picha ya pili, eti kama ile ya kwanza haifai. Ilikuwa ya Pasaka, nje ya kanisa, jua la saa sita. Mama alikuwa amejizungushia mtandio shingoni, mizunguko miwili, na ncha ameichomeka.

Mama yangu hafungi kitu shingoni. Tangu nikiwa mdogo husema nguo shingoni inamkaba, na tulipokwenda kwenye msiba Lushoto, baridi inang'ata mifupa, yeye alikaa kifua wazi akitucheka. Niliitazama ile picha ya Pasaka muda mrefu. Kisha nikampigia mdogo wangu nikamwambia anitumie picha zote za mama alizonazo.

"Za nini zote, dada? Moja si inatosha?"

"Nitumie, bwana, usinihoji."

Zilikuja kumi na moja. Nilizipanga kwa tarehe. Krismasi, shingo iko wazi, laini, kivuli safi. Baada ya hapo, ukiacha ile ya jikoni, kila picha ina mtandio, au mama amegeuza uso kushoto, au ameweka kiganja shavuni kama mtu anayewaza. Katika moja tu, mjukuu aliyepakatwa ameuvuta ule mtandio ukalegea. Niliikuza ile, nikaivunja kuwa nukta, nikaigeuza. Mviringo uleule ulikuwa pale pale. Kwenye picha ya mlangoni pa jikoni, ambayo ni ya baadaye, ulikuwa umekua.

Niliogopa. Sitatafuta neno lingine. Ile karatasi ya plastiki dirishani, niliyokuwa nikimcheka jirani yangu kwa kuikimbia, nikashindwa kuitazama. Nilikwenda kuibandua nikiwa nimefumba macho.

Ungetegemea nilipanda basi jioni ileile. Sikupanda. Baba yetu aliingia hospitali kwa miguu yake, na kikohozi tu, akimtania nesi, na siku ya tisa tukamrudisha Muheza amefunikwa. Tangu hapo kichwani mwangu kuna sheria moja ya kipumbavu, kwamba ugonjwa huanza siku daktari anapoutaja. Asipoutaja, haujaanza. Nilijua ni upumbavu. Mama mwenyewe ndiye aliyetukariria tangu utotoni kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alificha, na mimi nikajitia hamnazo.

Nikachapa. Nililaza shingo iliyosafishwa juu ya fremu, nikaianika, nikahesabu, nikaiosha kwa maji mpaka dawa iliyokingwa jua na weusi ikatoka, nukta zikafunguka moja moja. Fulana ishirini na nne. Kila nilipouvuta ubao wenye mpira na wino mweupe ukapita, mama alitokea kwenye giza akicheka, mzima, shingo haina doa. Kuna wakati, nafikiri kwenye fulana ya kumi, niliamini kabisa kwamba namponya.

Wiki mbili zikaenda hivyo. Nilimpigia mama kila siku, nikisikiliza kama sauti imekwaruza, kama anameza kwa shida. "Umekula?" namuuliza. "Umekula nini? Kimeteremka vizuri?" Naye akanijibu, "Na wewe umekuwa mkwe wangu siku hizi? Nimekula ugali, umeteremka, unataka na picha yake?" Dukani nilianza kuwatazama wateja shingo badala ya uso. Kijana mmoja akaniuliza kama kola yake ni chafu.

Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, nikabeba furushi langu hadi Muheza. Mama alikuwa peke yake uani anapepeta mchele, mtandio shingoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye ungo, kisha akasema, "Haya, nione hayo maziko yangu." Nilimpa fulana moja. Akaiweka karibu na macho.

"Mbona ni nukta tupu?"

"Iangalie kwa mbali, mama."

Akaianika kwenye kamba ya nguo, akarudi nyuma hadi penye kuta za jiko. Nikauona uso wake ukibadilika. Akapiga makofi mara moja. "Ndiye mimi! Ndiye mimi kabisa, angalia hata pengo!" Akacheka mpaka akashika magoti. Halafu kicheko kikaisha. Akaisogelea tena ile fulana, polepole, akaweka kidole chini ya taya la kushoto, kwenye kitambaa kitupu.

"Hapa umepafanya nini?"

"Hapo ni kivuli tu, mama."

"Kivuli nakijua. Nakuuliza umepafanya nini."

Akaufungua mtandio, mzunguko wa kwanza, wa pili, akaubeba begani. Kilikuwa pale. Kwenye nukta kilikuwa kikubwa, na mbele yangu kilikuwa kikubwa zaidi.

"Umekiona lini?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili," akarudia. Hakupandisha sauti, na mimi nilitamani sana anipige. "Mimi ninacho tangu Kwaresma. Nilijiambia hivi, siku mmoja wao akikiona mwenyewe, akaniuliza, hapo nitakwenda. Nitakuwa sina ujanja. Nikasubiri. Kumbe umekiona, ukakifuta."

Nilipiga magoti pale penye makapi ya mchele nikalia, na nilikuwa najichukia hata kulia kwenyewe, kwa sababu mwenye haki ya kulia alikuwa amesimama. Nilimwambia twende sasa hivi, gari zipo. Akasema kesho ni sherehe yake, hajapepeta mchele wa watu hamsini ili uliwe na kuku. Tutakwenda Jumatatu.

Kwa hiyo nilihudhuria. Watu ishirini na wanne walikuwa wakicheza uani, na vifuani mwao mama zangu ishirini na wanne wenye shingo safi walikuwa wakirukaruka. Mama halisi alikaa katikati amefunga mtandio. Wakaja kunipongeza, kazi nzuri, dada, kazi nzuri sana. Sikuweza kula.

Jumatatu tulikaa kwenye benchi la hospitali mjini tangu asubuhi. Mama alisalimiana na kila aliyepita. Mimi nilikuwa nahesabu vigae. Tulipoitwa, tulimkuta daktari kijana, mpole, akamwamkia mama shikamoo, akamwomba afungue mtandio, akamgusagusa shingoni kwa vidole viwili, muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kimeanza lini, mama?"

"Kwaresma, baba."

"Na nyumbani hawakuona?"

"Hawakuona. Nilikuwa nafunika."

Alisema bila kupepesa, mwanamke aliyenichapa fimbo nikiwa darasa la pili kwa kumdanganya habari ya sukari. Alikuwa amenifungulia mlango nitoke, nami ningetoka, asingejua mtu. Nilitaka kutoka.

"Mimi niliona," nikasema. "Wiki mbili na siku tatu. Nikakifuta kwenye picha."

Daktari hakuelewa. Nikamweleza mbiombio, fulana nyeusi, mwanga, nukta, kivuli cha taya, maneno yanakanyagana mdomoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Zile ambazo hukuzifuta, unazo?"

"Ninazo zote."

Nikampa simu. Akazipitia moja moja, kuanzia Krismasi, akizikuza kwa vidole. Mimi nikawa namtazama yeye. Nyuso ndiyo kazi yangu. Najua mwanga unakaa wapi mtu akiwa na amani, najua unaondoka wapi kwanza akiingiwa na wasiwasi, ni hapa pembeni mwa mdomo. Nilimkodolea macho yule kijana nikitafuta. Hakuonesha kitu. Alifika kwenye picha ya mjukuu anayevuta mtandio, akarudi Krismasi, akaja ile ya jikoni, akarudi tena kwa mjukuu, na hapo akavuta pumzi ndefu kwa pua. Akachukua kalamu. Akaandika, akaendelea kuandika, na mimi nikawa nafuata mdomo wake, paji lake, mdomo wake.

"Mwanangu," mama akasema.

Sikugeuka.

"Mwanangu. Acha kumtazama daktari. Nitazame mimi."

Nikageuka. Nilianza na macho, kwa sababu macho nilikuwa nayaweza. Kisha nikashuka mpaka shingoni, nikabaki hapo.