Mahindi Chini ya Boneti

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ngara, sikukabidhiwa ufunguo. Nilikabidhiwa tochi. Afisa Usafirishaji, mzee mfupi mwenye sauti nene, alifunua boneti ya gari akasema, "Kijana, dereva anaanzia hapa. Panya akikata waya mmoja tu, wewe na leseni yako ni abiria."

Alinifundisha kuegesha mbali na ghala la mahindi. Matundu ya chini ya injini tuliyaziba kwa wavu mgumu wa chuma, maana ule wa kuku panya anapita huku anacheka. Injini ioshwe, kwa sababu panya hufuata harufu ya mkojo wake. Gari likikaa bila safari, boneti iachwe wazi mchana, akose giza. La mwisho alilirudia mpaka nikachoka: "Chakula kisikae kwenye gari wala karibu nalo. Hata punje."

Hilo la mwisho ni gumu huku kwetu. Mgonjwa akipona, ndugu zake hawakubali dereva aliyemfikisha hospitali aondoke mikono mitupu. Watakupa mihogo, maharage, mahindi makavu, na kukataa ni kuwatukana. Nilipokuwa Ngara niligawa vyote kabla sijaegesha.

Kisha nikahamishiwa kituo kimoja cha afya upande wa Biharamulo, kuendesha gari la wagonjwa. Mke wangu alibaki nyumbani Kibimba na migomba yetu. Jioni wenzangu walikwenda kwa familia zao, mimi nikabaki na redio, na betri zikiisha sina hata redio. Sitaficha, upweke uliniumiza. Ndipo akaja panya mmoja mwenye sikio lililochanika. Alikuwa akitoka kwenye banda la gari, anakaa mbali kidogo, ananitazama nikila. Nikaanza kumtupia punje za mahindi ya zawadi. Nikawa namsimulia na habari za siku. Mimi, niliyefundishwa kazi ya kufukuza panya!

Asubuhi moja wakamleta mwanamke kutoka Runazi. Uchungu ulimshika tangu jana yake na mtoto hashuki. Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo, akasema, "Hospitali ya wilaya, sasa hivi." Nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikafunua boneti. Waya wa stata, ile mota inayoamsha injini, ulikuwa umekatwa. Pembeni ya betri kulikuwa na kiota cha matambara, na ndani yake punje za mahindi yangu.

"Baba, kuna nini?" aliuliza mama mkwe wa yule mwanamke.

"Panya, mama."

"Mungu wangu! Fanya haraka, mwanangu, huyu anatuishia."

Nilimenya waya, nikaunga, nikafunga utepe. Gari lilipowaka jua lilikuwa limeshapanda. Tulifika. Mama alipona. Mtoto hakulia.

"Usijilaumu, bwana," Mganga Mfawidhi aliniambia tuliporudi. "Wadudu hawa wametushinda wote." Jioni ile nilitega mtego kwa punje zilezile, na yule panya akaja moja kwa moja bila wasiwasi, kwa kuwa alishanizoea. Nililia, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Baada ya mavuno yule mama mkwe alirudi kwa miguu, kikapu cha mahindi kichwani. "Ulituhangaikia sana, baba," akasema. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Sasa nimestaafu, niko Kibimba. Mke wangu ametangulia na watoto wako mbali. Vijana wenye magari hunijia: "Shikamoo mzee, panya wanatumaliza." Nawaeleza habari za wavu, za kuosha injini, za boneti. Nikifika kwenye punje napandisha sauti, nao hutazamana na kucheka kwamba mzee ameanza. Hawajui, kwa sababu sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Leo nimeandika: panya aliyekata waya ule nilimlisha mimi.

Hapa nyumbani hakuna gari. Hata hivyo jioni hutokea panya mmoja kwenye kona ya jiko, anakaa, ananitazama. Na mimi huchukua sahani yangu, nikageukia ukuta, nikala.