Nyumba Yetu Iko Ndani ya Shimo

Usiniambie nitulie. Watu wananiambia kila siku, "Mama, achana nayo, Mungu atafungua mulango ingine." Mlango gani? Mlango wetu ulikwisha kubomolewa, na aliyeubomoa namjua.

Nilizaliwa Kolwezi, katika nyumba ya matofali iliyopakana na uzio wa mgodi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, baba akaifuata kazi hiyohiyo, nami nikasomea umeme. Miamba ilipolipuliwa, sahani za mama ziligongana kabatini, na sisi batoto tulicheka. Vumbi tulilila pamoja na bukari, ugali wetu. Miaka yote hiyo hakuna aliyetudai karatasi ya kuthibitisha kwamba tunaishi karibu na mgodi.

Kisha shimo likataka kupanuka. Avenue yetu nzima ikahamishwa, tukapelekwa kwenye nyumba mpya, nusu saa kwa moto, yaani pikipiki, kutoka mjini. Siku ya kuondoka mama yangu alichukua bisibisi akafungua kile kibati cha namba kilichokuwa mlangoni. Nilimcheka.

"Mama, unabeba namba, nyumba unaiacha?"

"Weye cheka tu," akasema, akakifunga ndani ya kitenge.

Mwaka uliofuata mgodi uleule ukabandika tangazo. Walitafuta fundi wa umeme, kazi ya mkataba, na matibabu ya wazazi ndani yake. Mama alikuwa anasumbuliwa na tension, presha ya damu, dawa leo zipo, kesho hazipo. Mimi nilikuwa natengeneza redio na chaja za majirani, na diplome yangu iko chini ya godoro. Kazi ile niliitaka mpaka usingizi ukanikimbia. Chini ya tangazo waliandika kwamba nafasi ni ya wakaaji wa mitaa inayopakana na mgodi, na kila mtu alete attestation, ile karatasi ya chef wa quartier, mkuu wa mtaa, inayosema unakaa wapi. Nilifurahi, kwa kweli. Nilisema, haya, leo ni zamu yetu.

Chef wa huku tulikohamia aliniandikia bila shida. Ofisini kwa mgodi, karani akaisoma karatasi, akapitisha kidole kwenye orodha yake kutoka juu hadi chini.

"Mama, quartier yenu haiko ku liste. Muko mbali."

Mbali! Nilitaka kumrukia shingoni. Aliyetupeleka mbali ni nani?

Nikapanda moto tena, nikaenda kwa chef wetu wa zamani, kwa sababu nusu ya quartier ilikuwa bado imesimama. Mzee wa watu akanipa kiti. "Mutoto yangu, mi nakuyua tangu unazaliwa. Lakini avenue yenu haiko tena. Nikiandika unaikala ku avenue yenye haiko, batanifunga." Hakusema uongo, na aibu ilimjaa usoni. Nikiwa bado nimekaa pale, akaingia kijana mmoja kutoka Lubumbashi aliyepanga chumba kando ya uzio miezi mitatu tu iliyopita. Akaandikiwa karatasi yake, muhuri ukagongwa, akashukuru akaenda. Sina neno naye, katika mji huu kila mtu anafuata kazi inakokwenda. Lakini sahani zake hazikuwahi kugongana kabatini.

Nilimsimulia mama. Aliingia ndani, akatoka na kile kibati, akanitilia mkononi. "Bapelekee hii."

Kesho yake nikakiweka juu ya meza ya karani. Akamwita mkubwa wake, mtu mzima mwenye miwani.

"Hii ni nini, mama?"

"Adresi yangu, papa."

"Na nyumba iko wapi?"

Nikamwambia aje dirishani. Chini yetu shimo liliteremka ngazi kwa ngazi, na malori yalikuwa yanapanda na mzigo. "Unaona ile lori ya manjano? Pale yenye imesimama, ndjo chumba ya mama yangu."

Alisogeza miwani yake akatazama. Nilidhani ameelewa. Kisha akasema kwa sauti ya upole, na upole wake ndio ambao mpaka leo sijamsamehe: "Lakini mama, pale hakuna muntu anaikala."

"Aka! Ndjo nakuambia! Ni shiye tulikuwa tunaikala pale!"

Akagonga muhuri: nje ya eneo. Dossier yangu ya karatasi na kibati akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Nililia barabarani kwa hasira, na dereva wa moto akaniuliza kama nimefiwa.

Kazi alipewa yule kijana wa Lubumbashi. Mama akakikaza kibati kwenye mlango wa nyumba mpya, namba ya zamani kwenye nyumba isiyoijua, na dawa zake tukaendelea kuzibahatisha. Miezi ileile magari yenye mabomba ya kutoboa ardhi yalianza kupita nyuma ya nyumba zetu. Sikuyajali, nilikuwa na yangu moyoni.

Hata asubuhi moja akaja mtu na kopo la rangi nyekundu, akaanza kuandika namba kwenye kuta, nyumba baada ya nyumba. Alipofika kwetu nikamuuliza anafanya nini.

"Mutahama, mama. Mugodi inakuya huku."

"Kwa hiyo sasa tuko karibu?"

Akacheka. "Karibu sana."

Niliingia ndani mbio, nikavuta dossier chini ya godoro, nikamsukumia kifuani kabla rangi yake haijakauka. "Basi pokea! Si unasema tuko karibu? Pokea!" Alirudi nyuma na brashi yake, akiapa kwamba yeye ni mtu wa rangi tu. Nilikuwa bado nampigia kelele niliposikia mama, huko ndani, anauliza bisibisi iko wapi.