Maoni Yangu Kuhusu Programu ya Kusafisha Kompyuta

Namshukuru Mola, msitiri wa aibu zetu. Aibu hii naitoa mwenyewe.

Kompyuta ya madrasa yetu ilikuwa nzito, nikaweka programu ya kufuta nakala zilizojirudia. Darsa zote za marehemu mwalimu wetu, zilizorekodiwa kwa sauti, nilizihifadhi kwa jina la Bismillahi, nikizitofautisha kwa namba tu. Programu ikadhani ni nakala, ikabakisha moja. Nami, bila kukagua, nikaandika maoni mtandaoni: “Nyota tano. Imeondoa takataka zote.”

Juzi Bi Rahma, binti wa marehemu, alikuja kusikiliza sauti ya babake. Tukapata darsa moja. Akafungua ukurasa wa programu kutafuta msaada, akakuta maoni yangu.

“Maalim, hizo takataka ndo babaangu?”

Nikayafuta maoni yale, nikaandika haya.

Msomaji, Mola akuhifadhie sauti za uwapendao.