Mwaka Niliotangulia Kupanda

Asinifundishe mtu kumwogopa Mungu. Nilimwogopa miaka mingi bila kumjua, na kazi hiyo nimeiacha.

Mume wangu alipofariki nilikataa kurithiwa na ndugu yake. Niliwaambia wazee waziwazi, nimesimama: mimi nimeokoka, sirithiwi. Waliinuka wakaenda zao, nikadhani nimeshinda. Kumbe walikuwa wanangoja mvua.

Katika boma letu la Kijaluo hapa Muhuru, hakuna mke anayetia mbegu ardhini kabla mama mkwe hajapanda yake. Ukimruka unaleta chira, laana inayokondesha watoto mpaka wanaisha. Basi mvua ikanyesha, na mama mkwe akakaa mlangoni kwake anachambua omena, dagaa wa ziwani. Siku ya tatu nilienda kumwuliza.

"Nitapanda ukirithiwa," akasema, bila hata kuinua macho.

Yawa! Nina watoto watatu, nina mahindi ya mbegu makopo mawili tu ya gorogoro, na mvua ya kwetu haibembelezwi. Nikamwendea mchungaji. Akaniambia nivumilie. Nivumilie nini, njaa?

Kesho yake asubuhi nilishika jembe, na hapo ndipo nilipojionea aibu. Kanisani mimi ndiye mpiga ngoma. Naimba kwamba Yesu amevunja kila laana mpaka jasho linanitoka. Lakini jembe lilikataa kuinuka. Nilimtazama kitinda mimba wangu akicheza kwenye matope, nikaogopa, tena nikaogopa vibaya. Mungu niliyemjua alikuwa wa mchungaji na wa marehemu mama yangu. Wangu mwenyewe sikuwa naye.

Nikamwambia kwa sauti, kwa Kijaluo, kama mtu anayegombana na jirani: "Hizi nyimbo ninazokuimbia, ni za kweli ama si za kweli? Kama ni za kweli, simama hapa na mimi. Naanza."

Sikusikia sauti yoyote. Nilichimba mashimo ya kwanza, nikatia mbegu. Baadaye nikaanza kulia, na nilijua siko peke yangu pale shambani. Nani atanibishia? Mimi ndiye niliyekuwepo.

Jua halijapanda sana, mama mkwe akaja, leso kiunoni, akasimama pembeni mwa shamba.

"Nyar Sindo," akaniita. Binti wa Sindo, kwetu nilikozaliwa, ndivyo wanavyoniita tangu niolewe. "Huyo Mungu wako, ulimwuliza?"

"Nilimwuliza, mama."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Lakini hakuondoka."

Aliitazama mistari yangu. Yeye mwenyewe alifiwa na mume akarithiwa akiwa bado mdogo, na hakuna aliyemwuliza kama anataka.

"Unapanda karibu karibu sana," akasema. Akaingia shambani, akanipokonya jembe, akaanza mstari uliofuata wangu.