Salamu ya Mama Yangu Imegeuzwa Kichekesho

Admin, nifichie jina na chuo. Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma ualimu hapa Kasulu. Nyumbani ni Heru Juu, mama analima muhogo na maharage, baba hatunaye tena. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kikundi chetu tulipewa kazi ya kutengeneza video ya muziki, ioneshwe siku ya mahafali. Wimbo nilitunga mimi, wa kumshukuru mama aliyenisomesha kwa jembe. Nilipanga vipande vyote: binti anarudi likizo, mama anampokea uani, wanaingia ndani. Nikasema huyo mama awe mama yangu mwenyewe, tusitafute wa kuigiza. Najuta mpaka leo.

Siku ya kushuti mama hakwenda shamba. Alifagia uwanja, akavaa kitenge chake cha kanisani, akatuchinjia jogoo. Kamera alishika Eliya (siyo jina lake halisi), ndiye pekee kati yetu anayejua kuhariri, na ndiye mpenzi wangu. Binti aliigiza mwenzetu aliyetoka Dar. Eliya akamwomba mama ampokee huyo binti haraka haraka. Lakini watu wa huku mnajua, mama wa Kiha hana salamu ya haraka. Alimshika yule binti mikono yote miwili, "Mwakeye," kisha akauliza habari za kwao, za mama yake, za wadogo zake, za safari, wala hamwachii. Wimbo ukaisha kwenye spika, mama bado anasalimia. Halafu akalia. Baadaye aliniambia alikuwa ananiona mimi, siku niliyorudi mara ya kwanza kutoka shule ya bweni. Na mimi nililia nyuma ya kamera, nikijua hapo ndipo wimbo wangu umekamilika.

Wiki iliyopita Eliya akatupia kipande hicho status. Salamu ya mama ameikimbiza, mikono inapepea kama kuku anayefukuzwa. Kilio amekiwekea sauti ya katuni, na yule binti anageukia kamera anabinua mdomo. Chuo kizima kilivunjika mbavu. Wasiomjua mama wakanitumia mimi mwenyewe nicheke nao.

Nilimfuata Eliya nikamwambia akitoe. Akasema bila hicho kipande video imepoa, watu wanataka burudani, na mwalimu ameshaipitisha. Nikamkumbusha yule ni mama yangu.

"Si amekuwa staa?" akanijibu. "Mbona unakuza mambo?"

Huyo ndiye aliyekula paja la jogoo wa mama na kuitwa mwanangu. Nilimpenda, na sasa hata sauti yake inanichefua.

Juzi amepata msiba kwao Kibondo, akaondoka, akaniachia laptop niifikishe ukumbini Jumamosi, siku ya mahafali. Video nzima ipo humo tu, na mimi kuhariri sijui. Nikiifuta, kikundi chote tunakosa alama za mwaka wa mwisho, na wenzangu wengine hawana kosa. Nikiiacha, mama atakaa pale na majirani zake aliowaalika kwa furaha, ajione anavyochekwa na ukumbi mzima kwa kumsalimia mtoto wa mwenzake. Nimewaza kumdanganya kwamba mahafali yameahirishwa, lakini mtu aliyenilimia mpaka nikafika hapa, nimfungie mlango siku yangu?

Jana alinipigia kwa simu ya jirani. Akauliza, "Mwanangu, nivae kitenge kilekile, ili watu wanitambue?"

Nikamwambia nitampigia. Sijampigia mpaka sasa. Laptop iko hapa kitandani, nimeifungua, na faili naliona. Ndugu zangu, hasa nyie mlio na mama wa kijijini, nimjibu nini? Ungekuwa wewe, ungefanyaje?