Vigelegele vya Bakhita

Bakhita wa Kianda alikuwa na mdomo, na sisemi kwa ubaya. Katika ukoo wa mzee Fadul, bibi harusi hatoki chumbani mpaka shangazi yake apige vigelegele mlangoni, na vya Bakhita vilisikika hadi mtaa wa pili wa Ayany. Akinyamaza, watu wanajua ndoa ameikataa.

Sasa meno yake mawili ya mbele, ya chini, yakaanza kucheza. Ufizi ulikuwa umeshuka hadi mizizi inaonekana. Kliniki moja ya Kawangware ilikuwa inajaribu matibabu mapya, na Bakhita, aliyeogopa kuwa kibogoyo kama marehemu mama yake, akajiandikisha. Daktari Aluoch akaupasua ufizi, akaingiza kipande chepesi kama kitambaa, akashona. Alikiita kiunzi.

"Nyama na mfupa vitakipanda, vile pasheni hupanda waya," alisema. "Baadaye chenyewe kitayeyuka. Lakini kisisogee, mama. Usile kitu kigumu, usivute mdomo, usipige kelele. Kikitoka siwezi kurudia. Hayo meno tutayang'oa."

Bakhita aliitikia yote. Alikuwa hajamaliza hata uji wa kwanza pale Hanan, binti ya marehemu kaka yake, alipokuja kumwambia kwamba harusi imeharakishwa, ni Jumamosi hii.

Hapo ndipo mama wa watu alipobanwa. Bwana harusi alikuwa Nyamai, seremala kutoka Machakos aliyesilimu, na Bakhita ndiye aliyesema mbele ya ukoo mzima kwamba huyo haingii kwetu. Tangu hapo kijana alikuwa amemtengenezea paa bila kuombwa, na moyo wa Bakhita ulishalainika zamani. Lakini kusema "nilikosea"? Bakhita? Hayo alikuwa ameviachia vigelegele viseme kwa niaba yake.

Aeleze basi kwamba ana mshono. Nani angemsadiki? Kwenye harusi ya Iman, binti mwingine wa ukoo, ambayo pia hakuitaka, alidai koo limekauka, na jioni hiyo hiyo mtaa mzima ukamsikia akigombana na jirani. Na ampe mwingine apige? Shangazi aliyebaki ni yeye tu. Alizunguka na hilo wiki nzima, usingizi ukamkataa, akawachukia Aluoch na Hanan na hata Nyamai na paa lake.

Jumamosi alisimama mlangoni amefunga midomo. Wanawake walikuwa wamejaa uani. Ngoma ilinyamaza, kama kawaida, kumpisha. Kimya kikaendelea. Mama mmoja akakohoa, mwingine akamnong'oneza mwenzake. Kule ndani Hanan alikuwa amesimama na shela yake, akimtazama. Bakhita aliona uso wa msichana ukianza kuanguka, na ilimuuma kuliko kisu cha daktari.

Akaachilia. Vilitoka virefu, vikali, uani kukalipuka kwa shangwe. Alisikia uzi ukikatika, kisha kitu laini kikiteleza chini ya ulimi. Akafunga mdomo, akameza.

Hanan alimfikia akitabasamu na machozi juu. "Asante, shangazi. Nilidhani bado humtaki. Nibariki basi kwa mdomo wako, nisikie."

Bakhita akaitikia kwa kichwa. Hanan hakuondoka. Wanawake walikuwa wakingoja nyuma yake, na tabasamu lake lilianza kupungua tena.

"Nakubariki, mwanangu," alisema Bakhita, na damu ikamtiririka hadi kidevuni.

Hanan aliifuta ile damu kwa pindo la shela. "Shangazi, ulikuwa unaumwa? Mbona hukutuambia?"

"Ningesema, ungeniamini?"

Hanan aligeuza pindo upande mkavu, akaendelea kumfuta.